Mekatilili na haki ya mhamiaji

Kila uchaguzi ukikaribia hapa Garsen, nasikia jirani akiitwa mgeni. Ndipo namkumbuka Mekatilili wa Menza. Wagiriama walikuwa wameshavuka mto Sabaki wakalima kaskazini yake. Waingereza wakataka kuwarudisha kusini na kuwachukua vijana wao kwa kazi. Mwaka 1913 mama huyu mjane alizunguka vijijini akicheza kifudu na kuwalisha watu kiapo wasikubali. Alikamatwa, akapelekwa Kisii, akatoroka na kurudi kwa miguu. Mwaka 1914 vijiji vilichomwa, watu wakafukuzwa ng'ambo. Miaka michache baadaye serikali ikawaruhusu warudi. Ndugu zangu, tugombee malisho na maji kwa mazungumzo, lakini tusimwite mgeni mtu aliyewazika wazazi wake hapa Tana.