GOYA: FUNDI ALIYECHORA VITA BILA KUVIPAMBA

Mwaka jana mjomba alitujia nyumbani na zawadi kutoka mjini. Ilikuwa picha ya vita vya zamani huko Ulaya, mchoro wa kale uliochapishwa upya juu ya bamba la alumini linalong'aa kama kioo. Farasi, bendera, mizinga na jenerali mwenye upanga, wote walikuwemo. Tuliitundika sebuleni kando ya kalenda na kila mgeni akaisifu. Nyanya peke yake hakuisifu. Aliitazama weee, kisha akauliza kina mama na watoto wa mji ule walikuwa wapi siku hiyo. Nyanya alichomewa nyumba mwanzoni mwa mwaka wa 2008, kwa hivyo swali lake halikuwa la mzaha. Sote tulinyamaza.

Swali hilo lilinikaa kichwani hadi nikalipeleka kwa mwalimu mlezi wa chama chetu. Kumbe kulikuwa na mtu aliyelijibu miaka mia mbili iliyopita! Mtu huyo ni Francisco Goya wa Uhispania, na haya ndiyo maisha yake kwa ufupi.

Goya alizaliwa tarehe 30 Machi 1746 katika kijiji cha Fuendetodos, karibu na mji wa Zaragoza. Baba yake alikuwa fundi wa kupaka vitu dhahabu ili vipendeze. Basi mtoto huyu alikulia katika kazi ya mapambo. Alianza kujifunza kuchora akiwa kijana mdogo kama sisi. Mwaka wa 1763 na tena 1766 alishiriki mashindano ya Chuo cha Sanaa cha San Fernando, Madrid, na mara zote mbili akaanguka. Wenzangu mnaolia matokeo yanapotoka, hapo mna somo. Goya hakufa moyo. Alikwenda Italia kujiongezea ujuzi, akarudi, na mwaka wa 1773 akamwoa Josefa Bayeu.

Kuanzia mwaka wa 1775 alichora picha za kufumiwa mazulia ya kutundikwa katika kuta za majumba ya kifalme. Zilikuwa picha za watu wakicheza na kufurahia maisha. Wakubwa walizipenda, nyota yake ikang'aa, na mwaka wa 1799 akawa mchoraji mkuu wa mfalme.

Lakini hakuna masika yasiyokuwa na mbu. Mwishoni mwa mwaka wa 1792 aliugua vibaya sana, na alipopona alikuwa kiziwi kabisa. Tangu hapo hadi kufa kwake hakusikia tena sauti ya mtu. Alibaki kutumia macho, na macho hayo yakaanza kuona mambo ambayo wengine waliyapita tu.

Mwaka wa 1808 majeshi ya Napoleon wa Ufaransa yaliiteka Uhispania, naye Napoleon akamweka ndugu yake Joseph kwenye kiti cha ufalme. Tarehe 2 Mei watu wa Madrid waliinuka kupigana. Waliokamatwa walipigwa risasi, wengi wao alfajiri ya siku iliyofuata. Vita viliendelea hadi 1814. Wahenga hawakukosea waliposema kuwa wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Mwaka wa 1811 na 1812 njaa iliingia Madrid, ikaua watu wapatao 20,000. Josefa naye alifariki mwaka huo wa 1812.

Sasa, mgala muue na haki yake mpe. Goya hakuwa malaika. Alikubali nishani ya serikali ya Joseph, kisha akamchora Wellington, jenerali wa Uingereza aliyewapiga Wafaransa, na baadaye akamchora Mfalme Ferdinand aliporudi. Aliyekuja na cheo alichorwa. Lakini wakati huohuo alikuwa na kazi nyingine ambayo hakuna mkubwa aliyemwagiza.

Kazi hiyo ilikuwa ya kuchonga shaba. Bamba la shaba hupakwa nta, kisha fundi huchora kwa sindano na kuikwangua nta hiyo. Bamba likitiwa katika asidi, shaba huliwa pale palipochorwa. Baadaye mistari hiyo hujazwa wino, karatasi yenye unyevu hukandamizwa juu yake, na picha hutoka. Wakati wa vita shaba ilikuwa adimu. Goya alichukua mabamba yake ya zamani yenye michoro mizuri ya mandhari, akayakata vipande viwili, akachonga vita upande wa nyuma. Hebu fikiria, mtu kuharibu kazi yake nzuri ili apate mahali pa kuandika ukweli!

Katika michoro hiyo humwoni jenerali juu ya farasi akishangiliwa. Utaona maiti, wenye njaa, mama wanaokokotwa na askari huku watoto wao wakilia. Hakupendelea upande wowote: Wafaransa wanaua, na wanakijiji wa Uhispania pia wanaua kwa shoka. Mwanamke shujaa wa Zaragoza, Agustina, anaonekana akiuwasha mzinga, amesimama juu ya maiti. Goya alimchora kwa mgongo, uso wake hatuuoni. Kwangu mimi, huyo anaweza kuwa mama yeyote.

Ferdinand alirudi mwaka wa 1814, akaifuta katiba na kuwafunga waliompinga. Si ajabu basi kwamba michoro hiyo haikutolewa hadharani. Mwaka wa 1824 Goya alihamia Ufaransa, na tarehe 16 Aprili 1828 akafia mjini Bordeaux akiwa na miaka 82. Mabamba yalikaa yamefichika hadi mwaka wa 1863, miaka 35 baada ya kifo chake, ndipo michoro 80 ikachapishwa. Na nani aliyeichapisha? Ni Chuo kilekile cha San Fernando kilichomwangusha mara mbili!

Ndugu msomaji, picha ya mjomba ingali ukutani, na sisemi iondolewe, maana ni zawadi. Lakini nilimwonyesha nyanya michoro ya Goya katika kitabu nilichoazimwa na mwalimu. Alifunua kurasa polepole, akaweka kidole juu ya mama mmoja aliyembeba mtoto akikimbia, akatikisa kichwa kukubali. Swali lake lilikuwa limejibiwa.

Mwaka ujao baadhi yetu tutakuwa tumebakisha kidogo tu kuwa watu wazima, na kuna watakaotuambia kuwa vita ni bendera na farasi. Tukiambiwa hivyo, tuulize kama nyanya: kina mama na watoto wako wapi? Kalamu yangu naiweka chini hapa. Kwaherini.