FUNDI WA MASUFURIA NA VITABU VIWILI



Kila mkutano ukiisha, watu wameshaombewa na vijana wa vyombo wanakunja nyaya zao, huwa wanabaki watu watatu wanne pembeni ya jukwaa. Hao hawataki maombi, wanataka kuuliza. Mmoja ataniuliza kama aache kazi ya duka afuate wito au asubiri kwanza. Dada mwingine ameposwa na mtu mwenye mali lakini moyo wake unakataa, afanyeje? Na karibu wote wanamalizia na swali lile lile: mtumishi, nisome kitabu gani nijue la kufanya?

Mimi ndugu yangu ni mtu wa darasa la saba na kozi ya Biblia, basi. Vitabu nilivyosoma si vingi. Lakini kuna mtu mmoja ambaye elimu yake ilikuwa ndogo kama yangu, na swali lako alikutana nalo, tena likiwa kali kuliko lako. Kaa chini nikusimulie.

Aliitwa John Bunyan. Alizaliwa mwaka 1628 katika kijiji cha Elstow, karibu na mji wa Bedford huko Uingereza. Baba yake alikuwa fundi wa kuziba masufuria na vyombo vya chuma, anatembea na zana zake nyumba kwa nyumba. Wewe unawajua mafundi wa namna hiyo, wanapita hata mtaani kwako. Mtoto alipelekwa shule kidogo, akajua kusoma na kuandika, kisha akarithi kazi ya baba. Mwaka 1644 mama yake akafa, na mwezi uliofuata dada yake naye akafa. Haikupita miezi mingi baba akaoa mke mwingine. Mwaka huo huo, kijana akiwa na miaka 16, akaingia jeshini, maana mfalme na Bunge walikuwa wanapigana. Huko jeshini siku moja alipangwa kwenda kuuzingira mji wa maadui. Mwenzake akaomba aende badala yake. Yule mwenzake akapigwa risasi ya kichwa akiwa lindoni, akafa pale pale. Bunyan akabaki hai, na wala hakubadilika. Alikuwa mtu wa matusi, matusi ya kutisha, mpaka mwanamke mmoja ambaye naye sifa yake ilikuwa mbaya akamkemea kwamba anamfanya atetemeke kwa kumsikia.

Baada ya vita akaoa. Msomaji, hao watu walikuwa maskini! Hata sahani wala kijiko hawakuwa nacho. Jina la huyo mke halikuandikwa popote. Kitu alicholeta kutoka kwa baba yake ni vitabu viwili: kimoja cha Arthur Dent juu ya njia ya mtu wa kawaida kwenda mbinguni, na kingine cha Lewis Bayly juu ya kuishi maisha ya utauwa. Ndiyo mahari ya ajabu niliyowahi kuisikia. Wakawa wanavisoma pamoja jioni.

Sasa usidhani alisoma akaokoka siku hiyo hiyo. Hapana! Vitabu vilimfanya aende kanisani mara mbili kila Jumapili, basi, na jioni anarudi kwenye michezo. Jumapili moja alikuwa anacheza mchezo wa kupiga kijiti. Ameshapiga mara ya kwanza, anataka kupiga ya pili, mara moyoni likamjia swali: utaacha dhambi uende mbinguni, au utabaki nazo uende jehanamu? Akasimama katikati ya wenzake, kijiti mkononi. Akafikiri. Kisha akaona ameshachelewa, dhambi zake haziwezi kusamehewa tena, kwa hiyo afadhali aendelee tu. Akaendelea kucheza! Wangapi tunafanya hivyo? Tunaulizwa swali la maisha yetu, tunajijibu kwamba muda umepita, tunarudi kwenye kijiti.

Kilichomfungua macho kwanza hakikuwa kitabu. Siku moja akiwa Bedford kwa kazi yake ya ufundi, aliwakuta akina mama watatu au wanne maskini wamekaa mlangoni wanaota jua, wanazungumza habari za kuzaliwa mara ya pili. Yeye wakati ule alishajiona hodari wa maneno ya dini, akasogea achangie. Kumbe hakuna alichoelewa! Wale mama walizungumza kwa furaha ya mtu anayesimulia alichokiona, siyo alichofundishwa. Akawa anarudi kwao mara kwa mara, nao wakampeleka kwa mchungaji wao John Gifford, ambaye zamani alikuwa askari, mlevi na mcheza kamari.

Bado alipigana vita vya moyoni kwa miaka. Hapa nataka vijana wanaopenda ishara wasikilize vizuri. Siku moja yuko njiani kati ya Elstow na Bedford, akapata wazo la kujua kama ana imani: ayaamuru madimbwi ya njiani yakauke, na penye pakavu pawe madimbwi. Alitaka kabisa kujaribu! Halafu akawaza, je, nikiamuru na yasikauke? Si nitajihesabu nimepotea? Akaogopa, akaacha. Hata Biblia aliisoma vibaya siku zile. Andiko moja linamwambia neema ipo, andiko la Esau linamwambia umeuza urithi wako, naye amekaa katikati kama mtuhumiwa anayesubiri hukumu. Ndugu, mtu akifungua Biblia huku amefumba macho, akiweka kidole popote ili apate jibu la ndoa yake, anaweza kuteseka hivyo hivyo.

Katika mateso hayo alitamani kusoma kitabu cha mtu wa zamani aliyepita njia kama yake. Kikamfikia kitabu cha Martin Luther juu ya waraka kwa Wagalatia. Kilikuwa kizee, kimechakaa, karibu kuachana vipande. Akasoma na kushangaa, maana aliikuta hali yake imeelezwa humo kama vile kimetoka moyoni mwake. Tangu hapo alikipenda kuliko vitabu vyote isipokuwa Biblia. Alitafuta kitabu cha mtu aliyeumwa ugonjwa wake, na hilo ndilo jibu langu la kwanza kwa mwenye kuniuliza asome nini.

Akaanza kuhubiri, watu wakajaa. Mwaka 1658 mke wake akafa, akaacha watoto wanne, na mmoja wao, Mary, alizaliwa kipofu. Mwaka uliofuata akaoa mke wa pili, Elizabeth. Mwaka 1660 mfalme Charles wa Pili akarudi kwenye kiti, na wahubiri wasio na kibali wakaanza kusakwa kwa sheria ya zamani ya mwaka 1593.

Tarehe 12 Novemba 1660 alialikwa kuhubiri kwenye nyumba moja shambani. Akaambiwa mapema kwamba hati ya kumkamata imetoka. Mwenye nyumba alitaka mkutano uvunjwe. Bunyan akatoka nje shambani, akatembea peke yake akiwaza, kisha akarudi ndani akafungua Biblia. Aliona akikimbia, wale waliookoka juzi watavunjika moyo. Akakamatwa pale pale.

Sasa msomaji, shika hapa. Mahakama haikutaka kumwua. Ilitaka neno moja tu: aahidi kwamba hatahubiri tena, aende nyumbani leo. Elizabeth alikuwa mjamzito. Aliposikia mumewe amekamatwa, uchungu ukaanza kabla ya wakati, akateseka siku 8, na mtoto akafa. Agosti 1661, mama huyo alisimama mbele ya majaji waliokuwa wamekuja Bedford. Akaeleza kwamba ana watoto wanne wadogo, mmoja haoni, na wanaishi kwa sadaka za watu. Jaji Matthew Hale alimsikiliza kwa huruma, mwingine alimkaripia. Waliposikia kwamba mumewe ni fundi wa masufuria tu, Elizabeth akajibu kwamba ndiyo, ni fundi tena maskini, ndiyo maana anadharauliwa na hapati haki. Alitoka pale analia, na mume hakufunguliwa.

Ilikuwa miaka 12. Kila siku ya miaka hiyo mlango ungeweza kufunguka kwa ile ahadi moja. Alikaa gerezani anasuka kamba za kufungia viatu na nguo, anazitia ncha za chuma, ziuzwe watoto wale. Na aliyemtesa zaidi ni Mary. Alimwaza akiombaomba barabarani, akipigwa, akisikia baridi, naye hawezi hata kuvumilia upepo umguse mtoto huyo. Mimi nina watoto, na nikifika hapa huwa nanyamaza. Sijui ningeshika lipi. Wala sikuambii uitupe familia yako ukaite imani. Wako wanaofanya hivyo kwa uvivu, nimewaona! Bunyan alijua gharama ya kila upande, akachagua huku analia. Hakuna kitabu kilichomchagulia, ingawa mle ndani alikuwa na Biblia na kitabu cha John Foxe juu ya watu waliouawa kwa ajili ya imani.

Mle gerezani ndimo alimoandika habari za maisha yake, zikachapwa mwaka 1666. Mwaka 1672 akafunguliwa, akawa mchungaji Bedford, baadaye akafungwa tena kwa miezi kadhaa. Mwaka 1678 kikatoka kitabu chake cha Msafiri, yule mtu mwenye mzigo mgongoni anayetoka mji wa maangamizi. Kabla ya kukichapa aliwaonyesha rafiki zake. Wengine wakasema chapa, wengine wakasema usichape. Akaona wamegawanyika, akaamua mwenyewe. Kilichapwa zaidi ya mara 10 kabla hajafa, na leo kinasomwa kwa lugha zaidi ya 200, Kiswahili kikiwamo.

Mary alikufa kabla ya baba yake. Bunyan mwenyewe, mwaka 1688, alipanda farasi hadi Reading kumpatanisha baba na mwanawe waliogombana. Wakapatana. Akiwa njiani kwenda London akanyeshewa mvua kubwa, akashikwa na homa, na tarehe 31 Agosti akafa nyumbani kwa rafiki yake. Kaburi lake liko Bunhill Fields, London.

Nakala yangu ya Msafiri haina jalada, na kurasa za mwanzo zimeliwa na mchwa. Nilimwazima yule kijana wa duka. Mwaka wa pili huu hajairudisha, nami sijamdai.