Andy Warhol: Alianza na picha za watu, akaishia kwenye cherehani

Ukikutana na blanketi la viraka lenye sura ya mtu, uso wa pinki, nywele za njano, midomo inayowaka, staili hiyo ina mkono wa Andy Warhol.

Alizaliwa Agosti 6, 1928 Pittsburgh, Marekani, mtoto wa wahamiaji maskini. Utotoni ugonjwa wa neva ulimlaza kitandani, akawa anachora na kukusanya picha za mastaa wa sinema.

Marilyn Monroe alipofariki Agosti 1962, Warhol alichukua picha yake ya kutangazia filamu ya Niagara. Akaikuza, akaondoa vivuli vya katikati hadi ikabaki nyeusi na nyeupe tu, akaihamishia kwenye fremu ya hariri, ufundi uleule wa kuchapa fulana. Rangi zilitangulia: hapa uso, pale nywele, pale midomo. Wino mweusi ukaja juu yake. Washonaji wa leo wanafuata njia hiyohiyo, ila penye rangi wao wanakata kitambaa.

Shida ni kwamba picha haikuwa yake. Mwaka 1964 akarudia, safari hii kwa picha ya maua aliyoikuta kwenye jarida. Mpiga picha wake, Patricia Caulfield, akamshtaki 1966, wakamalizana nje ya mahakama. Ndipo Warhol akazidi kujipigia picha mwenyewe, na miaka ya 1970 matajiri wakawa wanamlipa dola 25,000 kwa sura moja. Wengi husifu ujanja wake, lakini kesi nayo ilimfundisha.

Mwaka 1968 alipigwa risasi, nusura afe. Tangu hapo akawa anavaa mkanda wa kubana tumbo.

Kinachosahaulika ni kazi zake za mwisho. Alichukua nakala za picha moja aliyoipiga mwenyewe, nne, sita au tisa, zikaunganishwa kwa cherehani na nyuzi zikaachwa zining'inie. Blanketi la viraka kabisa, ila la karatasi! Zilioneshwa New York Januari 1987. Februari 22 akafariki baada ya upasuaji wa mfuko wa nyongo, akiwa na miaka 58.

Kesi hazikuisha naye. Mei 2023, Mahakama ya Juu ya Marekani ilimpa ushindi mpiga picha Lynn Goldsmith dhidi ya taasisi inayosimamia kazi za Warhol. Picha iliyogombewa ni ya mwanamuziki Prince, aliyoipiga 1981.