Bibi Mary Leakey na Nyayo za Laetoli

Watoto wetu wapenzi, mkienda ufukweni hapa Ashkhara maji yakiwa yamekupwa, kanyageni mchanga mbichi kisha mgeuke mtazame. Mtaona kisigino, uvungu wa unyayo, na kidole gumba kimeelekea mbele pamoja na wenzake. Leo nakuhadithieni habari za mwanamke aliyejua kuzisoma alama hizo.

Mary alizaliwa London tarehe 6 Februari 1913. Baba yake, mchoraji, alifariki Mary akiwa na miaka 13. Skuli hakuiweza: alifukuzwa mbili, na chuo kikuu hakuhitimu. Lakini alikuwa na mkono wa kuchora na jicho la kuona. Kuchora zana za mawe za watu wa kale ndiko kulikomkutanisha na Louis Leakey, mzaliwa wa Kabete, Kenya. Wakaoana mwaka 1936, wakafanya kazi miaka mingi Olduvai, Tanganyika.

Siku moja ya Julai 1959 mumewe alikuwa kitandani, anaumwa. Mary akatoka na mbwa wake, akaona mfupa umechomoza ardhini. Lilikuwa fuvu la kiumbe aliyeishi kiasi cha miaka milioni 1.75 iliyopita. Wakampa jina la Zinj, kwa sababu hivyo ndivyo Waarabu wa zamani walivyoiita pwani ya Afrika Mashariki, walikoishi mababu zetu.

Louis alifariki mwaka 1972. Mary akaendelea, akahamia Laetoli, kusini ya Olduvai. Mwaka 1976 wageni wake walikuwa wakirushiana mavi makavu ya ndovu kwa mzaha. Mmoja akaanguka, na pale chini akaona nyayo za wanyama zimegeuka mawe. Mwaka 1978 zikaonekana nyayo za viumbe waliotembea wima kama sisi. Majivu ya volkano yalianguka, mvua ikayalowesha, wao wakapita, kisha majivu yakakauka na kufunikwa na mengine. Hiyo ni miaka milioni 3.6 iliyopita.

Sokwe ana kidole gumba cha mguu kilichotanuka pembeni, cha kushikia matawi. Nyayo za Laetoli zina kidole kilichoelekea mbele. Lakini mafuvu ya zama hizo yana ubongo mdogo, karibu sawa na wa sokwe. Kwa hiyo miguu ilibadilika kwanza, ubongo mkubwa ukaja baadaye sana. Mwili haukubadilika kwa mara moja.

Mimi ni nesi, na kila wiki nasikia watu wakilalamika mgongo na magoti. Wataalamu wengi wanaona hiyo ni sehemu ya gharama ya kusimama kwa miguu miwili.

Wazazi, najua habari za asili ya mwanadamu zinagusa imani, na kila nyumba ina mazungumzo yake. Nakuombeni msimnyamazishe mtoto anayeuliza. Tokeni naye ufukweni, mtazame unyayo wake pamoja.

Bibi Mary alifariki Nairobi tarehe 9 Desemba 1996. Yule aliyefukuzwa skuli alitunukiwa shahada za heshima na vyuo vikuu vikubwa.