Dr. Klaus Wachsmann, Mtunza Sauti za Uganda

Mwalimu wetu wa muziki alituletea nakala ya nyimbo za zamani za ennanga, nami nikapewa kazi ya kuzisikilizisha katika chama chetu cha muziki. Sauti ilitoka na mikwaruzo mingi. Nikawaambia wenzangu kwamba aliyezinasa hakuwa hodari, na kwamba tuzifute. Nilimkosea mtu huyo. Basi, ndugu wasomaji, naandika maisha yake.

Klaus Wachsmann alizaliwa Berlin mwaka 1907, akasomea elimu ya muziki. Hitler aliposhika serikali mwaka 1933, Wachsmann hakuweza kuendelea kwao, kwa kuwa alikuwa wa nasaba ya Kiyahudi. Alipata udaktari huko Uswisi mwaka 1935, kisha akajifunza lugha za Kibantu London. Mwaka 1937 alifika Uganda, akafanya kazi ya elimu katika misheni za Kiprotestanti.

Tangu 1948 hata 1957 alikuwa mtunzaji wa Uganda Museum hapa Kampala. Hakupenda vyombo vya muziki vilale kabatini. Aliajiri wapigaji, mmojawapo Evaristo Muyinda, ili wageni wavisikie. Kati ya 1949 na 1954 alizunguka nchi akinasa sauti. Alipima hata nyuzi nane za ennanga, kinubi chenye sauti ndogo sana, na mwaka 1950 akaandika kwamba hatua tano za oktava yake zinakaribia kulingana.

Mwaka 1966 majeshi ya serikali yalishambulia Lubiri, na wapigaji wa Kabaka wakatawanyika. Wachsmann, ambaye baadaye alifundisha Marekani, alifariki mwaka 1984. Lakini sauti alizozinasa zilihifadhiwa London, zikageuzwa kuwa tarakimu za kompyuta, na nakala zikarudishwa Makerere.

Sasa kosa langu. Nilikuwa nimepunguza sauti ndani ya kompyuta karibu na mwisho, nikafungulia kipaza sauti chote. Kompyuta yetu hutoa sauti kwa biti 16, yaani ngazi 65,536. Kila unapoipunguza nguvu yake kwa nusu, ngazi nazo hupungua kwa nusu. Ukifanya hivyo mara nane, zimebaki 256 tu. Ennanga, iliyo ndogo tangu mwanzo, hupata ngazi chache mno, na kipaza sauti hukuza mikwaruzo pamoja na wimbo. Chombo cha biti 24 kina ngazi zaidi ya milioni 16, kwa hiyo hakidhuriki upesi.

Mwalimu aliongeza sauti kwenye kompyuta, akaipunguza kwenye kipaza sauti. Mara tukasikia kila uzi, na chama kizima kikanyamaza.

Bwana yule alitoka mbali akaisikiliza sauti ndogo kwa makini. Mimi, mwenyeji, nilikaribia kuifuta kwa haraka yangu. Wenzangu, kabla hatujailaumu kazi ya wazee, na tuangalie kwanza mikono yetu wenyewe.