Louis Leakey na Gharama ya Kuhifadhi Yaliyopita

Louis Seymour Bazett Leakey alizaliwa Kabete tarehe 7 Agosti 1903, wazazi wake wakiwa wamisionari wa Kianglikana. Baba yake, Kasisi Harry Leakey, alikuwa miongoni mwa waliotafsiri Biblia kwa Kigikuyu. Mtoto huyo alikua pamoja na vijana wa Kigikuyu, akaingizwa katika rika lao na kupewa jina la Wakaruigi, yaani mwana wa kipanga. Wanafunzi wa lugha watapenda kujua kwamba alipofika Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1922 na kutakiwa kuonyesha umilisi wa lugha za kisasa, alitaja Kigikuyu kuwa mojawapo, na cheti cha kuthibitisha umilisi huo kikatoka kwa Chifu Koinange. Chuo kikakubali. Hilo lilitokea wakati ambapo wengi walidhani lugha ya Kiafrika haistahili hata kuandikwa.

Alirejea Kenya mwaka 1926 akiongoza msafara wake wa kwanza wa akiolojia, na mahali alipopiga kambi ni ukanda huu wetu wa Nakuru na Elmenteita. Alichimbua makaburi ya kale karibu na Ziwa Nakuru, kisha pango la Gamble, na mwaka 1928 zana za mawe za Kariandusi zikagunduliwa. Mwaka 1937 mkewe, Mary, alianza kuchimbua Hyrax Hill, kilima cha pimbi kilicho mashariki ya mji, akafukua makaburi ya wafugaji wa kale na mashimo yanayohusishwa na Wasirikwa. Kuna hata mbao za bao zilizochongwa mwambani. Mkazi wa Kaptembwo, mtaa ulio upande wa pili wa mji, hulazimika kuuvuka Nakuru mzima ili kuyaona hayo, naye akifika hukuta mchezo ambao huenda amewaona wazee wakiucheza tangu utotoni.

Inafaa tukumbuke hali ya siku zile. Ardhi hiyo yote ilikuwa mashamba ya walowezi. Ruhusa ya kuchimba iliombwa kwa mwenye shamba, si kwa jamii iliyokuwa imezika wafu wake humo au iliyokuwa ikichunga humo kabla ya kuhamishwa. Mwafrika alishirikishwa kama kibarua wa sururu na chekeche. Hata hivyo, baadhi ya vibarua hao waligeuka kuwa wataalamu. Heselon Mukiri alifanya kazi na Leakey kwa miaka mingi, akawa na jicho la kutambua mfupa pale ambapo msomi aliona changarawe tu. Nadhani historia ya akiolojia yetu haijamlipa Mukiri deni lake.

Mwaka 1941 Leakey alifanywa msimamizi wa heshima wa Makumbusho ya Coryndon jijini Nairobi, na kuanzia 1945 hadi 1961 akawa msimamizi wa kuajiriwa. Taasisi hiyo ilikuwa imeanzishwa mwaka 1910 na chama cha wapenzi wa elimu ya viumbe, wengi wao Wazungu, na jengo lake la kilimani lilifunguliwa mwaka 1930. Leakey aliifungua milango yake kwa Waafrika na Waasia. Katika koloni lililowagawa watu kwa rangi hata hotelini, hilo halikuwa jambo dogo. Lakini kumruhusu mtu kuingia si sawa na kumpa kauli juu ya kinachowekwa kabatini na maelezo yanayoandikwa chini yake. Kauli hiyo ilibaki kwa wachache.

Pengo hilo lilidhihirika wakati wa Hali ya Hatari. Mtu yule yule ambaye mwishoni mwa miaka ya 1930 aliketi na wazee wa Kigikuyu kukusanya mila zao aliiunga mkono serikali ya kikoloni, akaandika vitabu viwili dhidi ya Mau Mau, na akawa mkalimani katika kesi ya Jomo Kenyatta huko Kapenguria hadi mawakili wa utetezi walipompinga, akajiondoa. Kazi yake kubwa juu ya Wagikuyu wa kusini ilichapishwa mwaka 1977, miaka mitano baada ya kifo chake, kwa Kiingereza, katika juzuu tatu.

Na fedha je? Hapa ndipo maisha yake yanapotufunza mengi zaidi. Alichimba kwa miongo kadhaa akiwa na mfuko mtupu. Mfanyabiashara Charles Boise wa London alimfadhili, na fuvu alilolipata Mary huko Olduvai tarehe 17 Julai 1959 likapewa jina la mfadhili huyo: Zinjanthropus boisei. Baada ya fuvu hilo, Jumuiya ya National Geographic ya Marekani ilianza kumwaga fedha, na kazi ikapanuka ghafla. Leakey akawa msafiri wa daima, akihutubia kumbi za Marekani ili apate fedha za msimu ujao. Mwaka 1968 wafadhili wake wa California walianzisha wakfu wenye jina lake. Vyanzo hivi vyote vilikuwa ng'ambo na vilitegemea ulimi wa mtu mmoja. Afya yake ilidhoofika, naye hakupumzika. Alifariki London tarehe 1 Oktoba 1972, akazikwa Limuru.

Taasisi ya kumbukumbu yake ilifunguliwa Nairobi mwaka 1977, mkurugenzi wake wa kwanza akiwa mwanahistoria Bethwell Ogot, ambaye aliondoka mwaka 1980. Hyrax Hill ilipata makumbusho yake kwa njia nyingine kabisa. Kilima kilitangazwa kuwa mnara wa taifa mwaka 1943, na mwaka 1965 nyumba ya shamba lililokuwapo pale ikatolewa iwe makumbusho. Vyumba vilivyokuwa vya familia moja ya walowezi ndivyo vinavyohifadhi vyungu na zana za mawe za watu walioishi kilimani hapo kabla yao.