Sir William Siemens: Aliyeufanya waya upime joto

UKITOKA Mikumi kwa barabara iendayo Ifakara, kabla ya kuufikia Mto Ruaha Mkuu pale Kidatu, unapita kwenye mashamba ya miwa yanayokilisha kiwanda cha sukari cha Ruembe, wilayani Kilosa. Katika kiwanda cha aina hiyo, joto ndilo linaloamua kama jasho la mkulima litakuwa sukari au hasara. Maji ya miwa hupashwa moto hadi kiwango cha kuchemka ili uchafu ujitenge. Baadaye hupikwa katika vyungu vikubwa vilivyonyonywa hewa, kwa joto la chini zaidi, kwa sababu moto ukizidi sukari huungua na kubadilika rangi.

Katika viwanda vingi vya leo, mlinzi wa joto hilo ni kompyuta ndogo ipangiwayo programu, ambayo mafundi huiita PLC. Kompyuta hiyo haiwezi kuhisi chochote yenyewe. Mara nyingi hupelekewa habari na waya mwembamba wa platinamu, na aliyefungua njia hiyo alifariki dunia mwaka 1883.

Carl Wilhelm Siemens alizaliwa Aprili 4, 1823, Lenthe, karibu na Hannover, Ujerumani. Kaka yake, Werner, ndiye aliyeanzisha kampuni ya Siemens mjini Berlin mwaka 1847, jina ambalo wengi nchini walilizoea kupitia simu za mkononi za miaka ya mwanzoni mwa 2000.

Mwaka 1843, akiwa na miaka 19, Wilhelm alitumwa London kuuza ufundi wa familia wa kupaka vyuma dhahabu na fedha kwa umeme. Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha. Akitafuta mtu wa kumshughulikia hataza, aliingia kwenye duka la mtengeneza majeneza, kwa kuwa neno lililoandikwa kwenye kibao alilielewa kuwa ni mtu anayejitwika kazi za wengine. Hata hivyo, safari yake haikwenda bure: aliuza ufundi huo kwa pauni 1,600.

Alihamia Uingereza moja kwa moja, akachukua uraia mwaka 1859 na kumwoa Anne Gordon mwaka huo huo. Tanuri alilolibuni pamoja na mdogo wake, Friedrich, lilibadili utengenezaji wa chuma cha pua na kioo, nalo ndilo lililompa sifa kubwa.

Kisa cha waya kilianzia melini. Mwaka 1860 kebo ya telegrafu ya kutandazwa baharini kati ya Rangoon na Singapore ilikuwa imeviringishwa ndani ya meli. Siemens alihofu kwamba ilikuwa ikipata joto katikati, ambako mkono wala kipimajoto cha kawaida haukufika, na joto lingeharibu utomvu uliofunika shaba. Akijua kwamba ukinzani wa waya huongezeka kadiri unavyopata joto, alipenyeza waya kati ya matabaka ya kebo na kuupima akiwa nje. Vipimo vikaonyesha hatari. Waliokuwapo hawakuamini, mpaka maji baridi yaliyomwagwa juu ya kebo yalipotoka yakiwa vuguvugu.

Mwaka 1871 aliwaeleza wanasayansi wa London kipimajoto cha platinamu. Miaka michache baadaye kamati ya wataalamu ilikipima, na majibu yakawa ya kuvunja moyo: kikiisha kuingizwa kwenye moto mkali, kilitoa vipimo tofauti na vya awali. Siemens alitunukiwa cheo cha Sir mwaka 1883, na akafariki Novemba 19 mwaka huo huo kifaa chake kikiwa hakiaminiki.

Aliyekiokoa ni kijana wa Cambridge, Hugh Callendar, katika utafiti alioutoa mwaka 1887. Alionyesha kwamba kosa halikuwa la platinamu bali la uchafu uliouingia waya kutoka kwenye kasha lake. Waya ukiwa safi, usiobanwa, uliozungushwa kwenye ulanga, haubadiliki. (Ulanga huo ulichimbwa pia katika milima ya Uluguru enzi za Wajerumani.)

PLC za kwanza zilitoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa ajili ya viwanda vya magari. Kihisi cha platinamu kinachotumika sana huwa na ukinzani wa omu 100 kwenye nyuzi 0 za Selsiasi, na omu 138.5 kwenye nyuzi 100. Tofauti kwa kila nyuzi haifiki hata nusu omu, hivyo urefu wa waya za kuunganishia pekee unatosha kudanganya. Ndiyo maana fundi huvuta waya tatu badala ya mbili. Ule wa tatu humwezesha kuondoa ukinzani wa njia, mbinu inayohusishwa na Siemens mwenyewe.

Panapokuwa mbali, kifaa kidogo kando ya kihisi hugeuza ukinzani kuwa mkondo wa miliampea 4 hadi 20. Kikipangwa kwa nyuzi 0 hadi 200, miliampea 12 ni nyuzi 100. Kipimo hakianzii sifuri kwa makusudi: panya akikata waya, mkondo hushuka hadi sifuri, na PLC hutambua kwamba njia imekatika badala ya kudhani maji ya miwa yamepoa na kuongeza mvuke.